Ubongo Ndani ya Ndoo

Sikumpenda daktari yule tangu asubuhi ya kwanza, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo. Watu huniambia kwamba muda humlainisha mtu. Mimi haujanilainisha.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisoma shahada ya fiziolojia katika mkondo wa ubongo na mfumo wa fahamu. Darasa letu lilikuwa dogo, na karibu kila tulichokijua tulikijua kwa picha. Tuliuchora ubongo kwa penseli za rangi, tukazitaja sehemu zake kwenye mtihani, tukapewa alama nzuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuushika. Mhadhiri wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa anaona aibu kwa ajili yetu. Alipotangaza kwamba kila mwanafunzi ataondoka chuoni kwenda mafunzo kwa vitendo mahali penye wagonjwa wa kweli, niliomba Kibondo. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kituo cha afya cha binafsi chenye kliniki ya kifafa. Isitoshe, kwetu ni Kitanga, upande wa Kasulu, na Kiha cha wagonjwa wale nilikuwa nakielewa kama lugha ya mama yangu.

Chuo kilinikabidhi mashine: kisanduku cha kusoma umeme wa ubongo, waya zake za rangi mbalimbali, na kompyuta ya mkononi ya kuonyesha mistari. Niliipakata kwenye basi njia nzima. Abiria wa pembeni aliniuliza kama nimebeba redio.

Daktari alikuwa mtu wa kutoka mkoa wa mbali, mrefu, nadhifu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Nilimwamkia. Aliitikia huku akiangalia kisanduku.

"Hicho nini?"

Nikamweleza. Akakichukua mikononi mwangu, akakiweka kabatini, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni.

"Kikiharibika nani atajibu? Wewe?"

"Nimefundishwa kukitumia, Daktari."

"Umefundishwa na nani? Kwenu wapi?"

"Kasulu."

"Kasulu ipi? Ya wenyeji au ya kambini?"

Chumba kile kilikuwa na wagonjwa watatu wanne wakisubiri, na muuguzi aliyekuwa anapima presha. Wote walisikia. Babu yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana mkimbizi, baba yangu akapewa uraia, na mimi nimezaliwa Kitanga, nimepalilia maharage Kitanga, nimesoma shule Kitanga. Lakini lafudhi ya nyumbani haifichiki, na yeye alikuwa ameishi mkoani kwetu muda wa kutosha kujua mahali pa kuchoma.

"Ya Kitanga," nikasema.

"Haya. Chukua kitambaa, futa yale mabenchi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza sayansi ya ubongo kwa vitendo. Nilifuta mabenchi. Niliita majina. Nilibeba maji. Kazi pekee iliyokaribia elimu yangu ilikuwa kutafsiri, kwa sababu daktari hakujua Kiha wala hakuwa na mpango wa kukijua. Wagonjwa wengi walikuwa wanatoka vijijini, wengine mbali kule Nyabibuye, na Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia chumvi, si cha kuelezea namna mtu anavyoanguka.

Siku moja mama mmoja alisema aliacha kumpa mwanawe dawa kwa sababu mtoto alikuwa amepata nafuu. Daktari akanigeukia.

"Mwambie ni mjinga. Mwambie kwa sababu ya ujinga wake mtoto ataungua motoni siku moja."

Nikamwambia mama yule kwamba dawa hizi hazikatizwi hata mtoto akionekana mzima, kwamba zikikatizwa ghafla ugonjwa hurudi kwa nguvu, na kwamba akae na mtoto mbali na jiko. Mama akanishukuru.

"Mimi nimesema maneno machache," daktari akasema. "Wewe umehutubia. Na huyu mbona anashukuru?"

"Kiha kina maneno marefu, Daktari."

Muuguzi aliinamisha kichwa kuficha uso. Kuanzia siku hiyo daktari alinitafutia makosa.

Kila asubuhi niliomba nifunguliwe kabati. Kila asubuhi alikuwa na jibu jipya. Umeme si wa kuaminika. Wagonjwa wataogopa. Kliniki ina watu wengi. Nikamwambia siku moja, kwa adabu yote niliyobakiwa nayo, kwamba muda wangu unaisha, na kwamba nimekuja kujifunza kwa mikono.

Akaegemea kiti. Chumba kilikuwa kimejaa.

"Unataka kushika ubongo? Nenda machinjioni. Kichwa cha mbuzi kina kila kitu unachokihitaji wewe. Ukimaliza kukipasua uniletee nikusahihishe."

Wachache walicheka. Alitaka nirudi kwenye mabenchi nikiwa nimeinamisha uso. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja machinjioni.

Mchinjaji alidhani nataka nyama ya supu, akashika shoka tayari kunipasulia. Nilimzuia.

"Nakitaka kizima."

"Utakipasuaje?"

"Kwa msumeno."

Akakitia kichwa ndani ya mfuko wa nailoni. Msumeno wa chuma niliununua dukani kwa fundi wa mageti. Vijembe vya kunyolea nilikuwa navyo. Formalini ya kuhifadhia nilipewa na mtu wa maabara wa pale kituoni, ambaye naye alikuwa na ugomvi wake na daktari na hakuhitaji maelezo mengi.

Kichwa cha kwanza nilikiharibu. Nilisukuma msumeno kwa hasira, ukapita fuvu ukazama ndani, na nilichokitoa kilifanana na uji. Cha pili nilikata taratibu, kuzunguka, nikiusikiliza mfupa. Sauti ya msumeno hubadilika unapokaribia upande wa ndani, inakuwa nyembamba. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Nikainua kifuniko cha fuvu kwa ncha ya kijiko, na hapo pakawa na ule utando mgumu, kama ngozi ya ngoma iliyolowa, na chini yake mikunjo, na mishipa myekundu imelala kwenye mifereji ya mikunjo ile.

Nilikuwa nimechuchumaa sakafuni katika chumba changu cha kupanga, juu ya kipande cha turubai, dirisha wazi, jua la alasiri linaingia. Nilisahau kwamba nina hasira. Niliikata mishipa ya fahamu ya chini mmoja baada ya mwingine, ile ya macho kwanza, minene na myeupe, nikaupokea ubongo kiganjani. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Ulikuwa laini kiasi kwamba nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini Mungu aliuweka ndani ya mfupa. Nikauweka kwenye formalini ukakakamaa, na baada ya siku kadhaa nikaukata vipande, nikatafuta ile sehemu ya ndani iliyojikunja, pale ambapo aina nyingi za kifafa huanzia. Niliipata. Niliichora, safari hii nikiwa nimeigusa kwanza.

Nikarudi kwa mchinjaji mara nyingine, na nyingine. Ndoo yangu yenye mfuniko ikawa na bongo kadhaa.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mtu mzima, mjane, Muha wa hapohapo mjini. Alikuwa anauza maharage na unga wa muhogo sokoni. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vya wapangaji vilivyozunguka ua, na yeye aliishi vyumba vya mbele pamoja na mjukuu wake, binti wa umri wa kuwa sekondari ambaye hakuwa anakwenda shule. Nilipouliza sababu, mama yule alijibu kwamba shule haimpendi.

Jumamosi moja nilisikia kishindo na sufuria ikibiringika. Nilitoka nikamkuta binti ameanguka kando ya jiko la mkaa, mwili umekakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutupwa. Nilimvuta mbali na moto, nikamlaza ubavu, nikaweka kanga yangu chini ya kichwa chake, nikaangalia ni upande gani wa uso ulianza kuvutwa. Ulikuwa wa kulia. Bibi yake akatoka mbio, akanisukuma bega.

"Nani amekuita?"

"Mama, ameanguka karibu na jiko."

"Nimekuuliza nani amekuita uani kwangu?"

Binti alitulia, akaanza kukoroma kwa uchovu. Nilimwambia bibi yake kwamba hiki ni kifafa, kwamba kina dawa, na kwamba amlete kliniki Jumanne. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Hilo neno usilitamke hapa tena. Mjukuu wangu ana kizunguzungu. Wewe umekuja kutafuta wagonjwa wa kuandika chuoni kwenu. Nyinyi watu wa kambini ndivyo mlivyo, mnakuja mikono mitupu, kesho mnataka nyumba."

"Mimi si wa kambini, na huyu atakuja kuungua na itakuwa juu yako."

Nilisema vile kwa sauti, na wapangaji wengine walikuwa milangoni. Tangu hapo hakuitikia salamu yangu. Nikipita, anatema mate pembeni. Maji ya bomba la uani yakawa yanafungwa ninapokaribia na ndoo. Nami nikaacha kumwamkia, jambo ambalo mama yangu angesikia angenichapa, hata kwa umri ule.

Kilichofuata kililetwa na harufu. Formalini haifichiki, hasa mvua ikinyesha na madirisha yakifungwa. Mchana mmoja nikiwa kliniki nafuta mabenchi yangu, mama mwenye nyumba alifungua chumba changu kwa ufunguo wake, akafunua ndoo.

Nilimkuta mwenyekiti wa kitongoji uani, na watu wamejaa hadi barabarani. Ndoo ilikuwa katikati. Msumeno na wembe vilikuwa vimelazwa juu ya turubai kama ushahidi wa mahakamani. Mama mwenye nyumba alikuwa anaongea kwa Kiha haraka haraka, akionyesha mlango wangu, kisha mlango wake. Alisema tangu nihamie mjukuu wake anaanguka zaidi. Alisema siku ile nilikishika kichwa cha mtoto kwa mikono yote miwili.

"Binti," mwenyekiti akaniambia, "hizi ni bongo za vichwa vya nini?"

"Vya mbuzi. Nasoma. Muulizeni mchinjaji."

"Nani anasoma kwa vichwa?" kijana mmoja akasema nyuma. "Denti gani huyo?"

"Daktari wa kituo cha afya ndiye aliyeniambia nifanye hivi. Mpigieni simu."

Mwenyekiti alikuwa na namba yake. Akapiga, akaweka sauti ya wazi ili kila mtu asikie. Nilimweleza daktari kwa kifupi, nikamwomba awaambie ukweli. Sauti yake ikatoka, nadhifu kama koti lake.

"Mwenyekiti, huyo mwanafunzi yuko kwangu kwa muda tu. Mambo ya vichwa siyajui. Sikumtuma mtu kubeba vichwa."

Akakata.

Nimewahi kuumwa malaria kali, nimewahi kumzika kaka. Lakini ule ubaridi ulionishuka mgongoni siku ile uani, sijaupata tena. Nilijua kwamba nikilia nimekwisha. Nikavua viatu, nikapiga magoti kwenye tope, nikatoa ubongo mmoja kutoka kwenye ndoo, nikauinua.

Niliwaambia kwa Kiha. Hapa nyuma ndipo mwili unapojifunza kusimama bila kuyumba. Hapa ndipo macho yanapopeleka habari. Huku pembeni, ndani, mtu akipata jeraha au homa kali utotoni panaweza kubaki kovu, na kovu hilo likawasha umeme usiotakiwa, na mtu akaanguka. Hakuna aliyemroga. Ni kama waya ulioungua. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Wengine walisogea kuangalia. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinyoosha shingo akauliza kama homa ya malaria nayo inaweza kuacha kovu, nami nikaanza kumjibu.

Mwanamume mmoja akaipiga teke ndoo. Bongo zangu zikatawanyika kwenye tope, na watoto wakakimbia wakipiga kelele.

"Ondoka," mwenyekiti akaniambia, si kwa ukali. "Sijasema wewe ni mchawi. Nasema ondoka kabla ya jioni, maana hawa siwezi kuwazuia."

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshatoa begi langu. Alilitupa nje ya geti bila kulifunga zipu, na nguo zangu za ndani zikaanguka mbele ya watu wote. Nikaziokota moja moja. Nyuma ya pazia la chumba cha mbele nilimwona mjukuu wake ananitazama.

Nililala gesti karibu na stendi. Asubuhi nilikwenda kliniki, nikapita mabenchi, nikasimama mbele ya meza ya daktari huku wagonjwa wamejaa.

"Jana ulisema uongo," nikasema.

"Nilikuwa natania kuhusu machinjio. Mtu mzima anajua utani."

"Wangeniua."

"Hawakukuua. Nenda kakae, nina kazi."

"Nitamwambia mhadhiri wangu."

"Mwambie. Halafu rudi kambini kwenu."

Niliwageukia wagonjwa, nikawatafsiria neno kwa neno, safari hii bila kulainisha kitu. Yale aliyoniambia, na yale yote aliyokuwa amewaambia wao kwa wiki zote zilizopita: mjinga, mchafu, mvivu. Mzee mmoja kutoka Nyabibuye alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Wengine walibaki, kwa sababu dawa zilikuwa pale na si kwingine. Hilo nalo lilinikasirisha, na sikuweza kuwalaumu.

Mhadhiri alinisikiliza kwenye simu bila kunikatisha. Hakunipa pole. Alisema, "Chukua mashine uende Kasulu. Kuna afisa tabibu pale niliyewahi kumfundisha. Daktari nitampigia mwenyewe." Sijui walizungumza nini. Najua kwamba daktari alinisimamisha barazani mpaka mgonjwa wa mwisho alipoondoka, kisha akatupa ufunguo juu ya meza, ukateleza ukaanguka sakafuni, nikainama kuuokota. Utepe wa gundi kwenye kisanduku ulikuwa haujabanduliwa. Hakuwahi hata kukifungua akaona ndani kuna nini.

Afisa tabibu wa Kasulu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu, aliyeendesha kliniki yake katika vyumba viwili nyuma ya soko. Aliniambia, "Hapa sina muda wa kukubembeleza. Kama mashine inafanya kazi, ifanye kazi." Na ikafanya. Nilipima vichwa kwa utepe wa fundi cherehani, nikatia alama kwa penseli ya nyusi, nikasugua ngozi, nikabandika visahani vya ncha za waya kwa gundi yake laini, nikakosea, nikabandua, nikabandika tena. Mtu akikunja uso, mistari yote inaruka. Akimeza mate, inaruka. Ilinibidi nijifunze kutofautisha kelele za mwili na kilio cha ubongo wenyewe. Afisa tabibu alikuwa anakaa nyuma yangu na kuuliza, "Hiyo nini?" Nikisema sijui, anasema, "Basi tafuta."

Nilikuwa nimezoea kidogo, siku moja ya kliniki, nilipoinua macho nikamwona mama mwenye nyumba wa Kibondo kwenye mlango, amevaa kitenge kipya, amemshika mjukuu wake mkono.

Nilielewa mara moja. Kibondo angeonekana. Majirani wangemwona kwenye benchi la kifafa. Alipanda basi mpaka Kasulu ili asionwe na mtu anayemjua.

Aliponiona, alikunja uso. Akageuka kumvuta binti.

"Tunaondoka."

"Oya, bibi," binti akasema. Alikuwa na kovu jipya la moto kwenye mkono, linang'aa, bado bichi. "Mimi siondoki."

"Nimesema twende."

"Nenda wewe."

Afisa tabibu alitoka kuona kelele ni za nini. Akamchunguza binti, akauliza maswali yake, akaandika, kisha akaamuru apimwe kwa mashine.

"Si huyu," mama akasema akinionyesha kwa kidevu. "Huyu asimguse mtoto wangu na mikono yake."

"Hapa anayejua mashine ni huyu. Kama hutaki, mlango ule."

Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilisimama na utepe wangu shingoni, nikasubiri, nikitamani aondoke, na nikitamani abaki ili nimwone akishindwa.

Binti akakaa kitini mwenyewe. Alikuwa amesukwa kwa ajili ya safari, misuko midogo sana, imekazwa hadi ngozi ya kichwa inavutika. Waya haziwezi kushika juu ya misuko.

"Lazima ifumuliwe yote," nikasema.

Mama akaweka mkoba wake chini, akasimama upande wa kushoto wa kiti, akaanza kufumua. Nami nikasimama upande wa kulia nikaanza kufumua. Vidole vyake vilikuwa vya kasi, vya mtu aliyeisuka mwenyewe. Vyangu vilikuwa vinafuata nyuma. Vilipokutana katikati ya utosi, aliondoa vyake kama aliyeungua. Kazi ile ilichukua muda mrefu sana, na watu waliokuwa wanasubiri walianza kunung'unika. Katikati binti alisema, bila kugeuka, kama vile tulikuwa naye peke yetu:

"Dada, ni kweli ulikuwa unavipasua vichwa?"

"Vya mbuzi."

"Ndani pakoje?"

Bibi yake aliacha kufumua. Nikamweleza binti: pana rangi ya maziwa yaliyokaa, pana mikunjo kama nguo iliyokamuliwa, na ni pazuri. Akasema angependa kuona siku moja. Bibi yake akauvuta msuko kwa nguvu, binti akasema "Aa," na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilibandika. Nikamwambia afumbe macho, kisha avute pumzi ndefu ndefu. Mistari ilikuwa inatembea kwa utulivu, na ghafla, upande wa kushoto pembeni, ikapanda na kushuka, ncha kali, tena, na tena. Upande uleule niliokuwa nautarajia, tangu siku ile nilipoona uso unavutwa kulia, maana kila upande wa ubongo hutawala upande wa pili wa mwili. Afisa tabibu aliinama juu ya bega langu.

"Hiyo nini?"

"Ni yenyewe," nikasema. "Inaanzia hapa."

"Ndiyo," akasema. Lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyoambiwa katika mafunzo yangu.

Alimpa binti dawa, akamweleza bibi namna ya kuzitumia, na kwamba zisikatizwe. Bibi aliitikia kwa kichwa. Nilipokuwa namfuta binti gundi kwenye nywele, mama alinikaribia, akasema kwa sauti ya chini:

"Usimwambie mtu Kibondo."

"Kibondo sina mtu wa kumwambia," nikamjibu. "Ulihakikisha mwenyewe."

Akamfunga mjukuu wake kitambaa kichwani, wakaondoka. Hakuna neno la samahani lililotoka, na sikulisubiri. Au nililisubiri, lakini si kwa muda mrefu.

Daktari alinipa alama za chini kabisa kwa muda niliokaa kwake, akasema mbele ya jopo la chuo, kwenye simu, kwamba sina nidhamu. Mhadhiri alizipokea alama zile, akazijumlisha na za Kasulu, nikafaulu kwa tabu. Baada ya kuhitimu nilirudi kwa afisa tabibu yuleyule, na ndipo ninapofanya kazi hadi sasa. Wanafunzi wanaoletwa kwetu nawaanzisha na kichwa cha mbuzi siku ya kwanza, uani kwetu, mchana, geti likiwa wazi, na anayetaka kuingia kutazama anaingia.

Binti anakuja kuchukua dawa. Siku hizi anakuja peke yake. Anaanguka mara chache mno, amerudi kusoma kwenye kituo cha watu wazima, na huniletea habari. Ananiambia bibi yake bado anawasimulia wapangaji wapya kuhusu mchawi aliyekaa chumba cha pembeni, na kwamba kila mara kisa kinakuwa kirefu zaidi. Tulicheka wote wawili aliponiambia hivyo, lakini yeye alicheka zaidi yangu.

Mwaka jana nilikwenda Kitanga kumsaidia mama kumenya muhogo. Nilikuwa nimemsimulia yote. Alikaa na kisu chake, ganda linashuka kwa utepe mmoja mrefu, kisha akasema:

"Ukipita Kibondo, nenda kamsalimie yule mama. Amezeeka. Na mtoto wake amepona mikononi mwako."

"Siendi, mama."

"Mtu mzima yule."

"Najua. Siendi."

Nilidhani ataendelea, maana mama yangu si mtu wa kuacha jambo. Lakini alichukua muhogo mwingine kwenye kapu, akaukata ncha, akaniambia nisogeze beseni.

Nikalisogeza.